Mhuri wa kiazi na mwanasesere wa maganda ya mahindi: zawadi za kutengeneza na mtoto mdogo

Mwezi wa sita huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mambo matatu hukutana: shule zimefungwa, mahindi yanavunwa, na baridi inawarudisha watoto ndani jua likiwa bado halijazama. Ni wakati mzuri wa kukaa na mtoto wa miaka mitatu hadi saba na kutengeneza kitu cha kumpelekea bibi, shangazi, mwalimu wa awali au mtoto mchanga wa jirani. Vifaa karibu vyote ni vya bure: kiazi kimoja, maganda ya mahindi yaliyokuwa yaende kwa ng'ombe, vipande vya kitenge ambavyo fundi cherehani angevifagia jioni, uzi uliofumuliwa kwenye sweta lililochakaa. Kitu kigumu ni kujua hatua ipi ni ya mtoto na ipi ni yako.

Hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Mtu mzima anaanza vizuri, anaona mstari umepinda, anasema "lete nikusaidie", na baada ya dakika kumi mtoto ameshahamia kwenye paka. Kinachofika kwa bibi ni kazi ya mama yenye jina la mtoto. Tulichojifunza kwa kuzirudia kazi hizi na watoto wengi ni kwamba mtu mzima afanye kazi yake kabla mtoto hajakaa na baada ya mtoto kuinuka. Kukata kwa kisu, kuchemsha, kufua kitambaa, kupiga pasi, kupaka vanishi, yote hayo ni yako. Katikati pale, dakika kumi au kumi na tano ambazo mtoto wa miaka minne anaweza kutulia, mikono yako ishikilie tu. Alama aliyoiacha mtoto isifutwe, isinyooshwe, wala isirudiwe usiku akiwa amelala.

Mhuri wa kiazi ndio mahali pa kuanzia, hata kwa mtoto wa miaka mitatu, maana kazi yake ni moja: kubonyeza. Viazi mviringo hatuvitafuti mbali. Kama si vya Umalila ni vya Makete au Njombe. Zawadi inayotoka hapa ni kitambaa cha kufunikia chakula au cha kutandika juu ya meza ndogo, kitu ambacho bibi atakitumia kila siku.

Kitambaa kiwe cha pamba tupu. Amerikani nyeupe inafaa kuliko zote. Kata mraba wa sentimita 44, ili fundi akishakunja pindo la sentimita 2 kila upande ubaki na 40. Kabla ya yote kifue kwa maji ya moto na sabuni. Usiruke hatua hii. Amerikani mpya hutoka kiwandani ikiwa imepakwa wanga ili ionekane nzito na iliyonyooka, na rangi itakaa juu ya wanga huo badala ya kuingia kwenye nyuzi. Siku ya kwanza itaonekana nzuri, halafu kikifuliwa mara moja inaondoka na maji. Kikishakauka na pindo likishashonwa, kikunje sehemu nne kwa urefu na sehemu nne kwa upana, kisha kipige pasi kikiwa hivyo hivyo kimekunjwa. Ukikifungua utakuta mikunjo imekigawa katika vyumba 16, kila kimoja cha sentimita 10. Mikunjo hiyo ndiyo mistari ya mtoto. Mwambie mhuri mmoja kila chumba, basi. Ukae pembeni ya chumba, uinamie kulia, ugeuke kichwa chini, uuache. Kwa mbali kitambaa kitakuwa na mpangilio, na kwa karibu kitakuwa na mkono wa mtoto. Pasi ya mwisho itaiondoa mikunjo yote.

Kiazi kiwe kigumu, kisichoanza kuchipua, na kienee kwenye kiganja cha mtoto, si chako. Kikate katikati kwa kisu kirefu chenye makali, kwa mkato mmoja bila kurudisha kisu. Kisu kifupi huacha ngazi katikati ya kiazi, na ngazi hiyo utaiona baadaye kama doa jeupe ndani ya umbo. Kisimamishe kwenye sahani bapa uone kama kinayumba. Kikiyumba, kata tena. Kisha kilaze kifudifudi juu ya kitambaa kikavu kwa dakika 20. Kiazi kilichokatwa hutoa maji, na maji hayo yakikutana na rangi, rangi inakuwa nyepesi na kutambaa kwenye nyuzi hadi umbo linapoteza kingo zake.

Umbo liwe rahisi: nusu mwezi, samaki, jani, pembetatu. Mtoto alichore kwa peni juu ya kiazi chenyewe, wewe ulichonge kwa kuondoa nyama ya pembeni kwa kina cha nusu sentimita. Kina kikipungua hapo, rangi itashika hata sehemu isiyotakiwa. Kama mnataka herufi ya kwanza ya jina la bibi, kumbuka kwamba mhuri hugeuza kila kitu: herufi ichongwe kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo. A, M na T hazina shida, ndiyo maana tunaanza nazo. Mwisho, kwa nyuma ya kiazi chonga vishimo viwili vya kushikia, kimoja cha kidole gumba na kimoja cha vidole vingine. Bila hivyo kiazi chenye rangi huteleza mkononi mwa mtoto kama sabuni, na kitambaa kinapata mkwaruzo badala ya samaki.

Rangi ya kitambaa huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule na ya vitu vya ushonaji. Ukikosa, rangi ya maji ya ukutani iliyobaki nyumbani hushika pamba vya kutosha, ila kitambaa kitakakamaa kidogo sehemu zenye rangi. Rangi ya mafuta iache kabisa, maana kuiosha mikononi kunahitaji tina au petroli, na vitu hivyo havipaswi kuwa karibu na ngozi na pumzi ya mtoto. Rangi ya chakula nayo haidumu, hutoka na maji ya kwanza. Usimchovyeshe mtoto kiazi kwenye kopo. Weka kipande cha godoro la sponji kwenye sahani, mimina juu yake vijiko viwili vya rangi yenye uzito wa maziwa mgando, usambaze. Mtoto abonyeze kiazi kwenye sponji, kisha kwenye gazeti mara mbili tatu ajaribu, ndipo aende kwenye kitambaa. Chini ya kitambaa tandika blanketi lililokunjwa au magazeti kumi, maana meza ngumu haiupi mhuri mahali pa kukaa.

Ukitazama mkono wa mtoto kwa karibu wakati huu utaona mwili wote unafanya kazi. Anapanda juu ya goti, anaegemea, anabonyeza hadi bega linapanda, na akitaka kuinua anavuta kiazi kuelekea kwake. Huo mvuto ndio unaoharibu. Dawa yake ni wimbo wa kuhesabu: "Haya mama, bonyeza. Moja, mbili, tatu, juu!" Neno "juu" linaupeleka mkono juu badala ya kuuvuta nyuma. Ukiona picha imejaa madimbwi ya rangi, sponji imelowa mno; iminye. Ukiona katikati ni peupe, kiazi hakiko bapa. Baada ya picha 20 au 30 uso wa kiazi hulainika. Ufute, kata ubao mwembamba wa juu, chonga upya. Kesho yake kiazi hicho kitakuwa kimesinyaa, kwa hiyo kazi iliyoanza leo ya mihuri imalizwe leo.

Acha kitambaa kikauke siku nzima, kisha kipige pasi kwa nyuma, juu ya kitambaa kingine, dakika tatu hadi tano pasi ikitembea muda wote. Joto ndilo linaloifunga rangi ya kitambaa. Pasi ya mkaa inafanya kazi hiyo vizuri, ila ifute majivu kwanza na uipepetee nje, kwani cheche moja hutoboa tundu. Kisifuliwe kabla ya siku tatu, na kifuliwe kwa mkono, kwa maji ya baridi.

Walio Rungwe na Njombe, kwenye maparachichi mengi, wana hatua nzuri ya kutangulia: kukipa kitambaa kizima rangi kabla ya mihuri. Kusanya kokwa nane hadi kumi za parachichi. Mtoto azioshe na kusugua kila uzi wa tunda uliobaki, maana mabaki ya tunda huifanya rangi iwe ya matope. Zikate vipande, chemsha kwa moto mdogo katika lita mbili za maji kwa saa moja. Maji yatageuka kuwa mekundu ya kahawia. Yachuje, yapoe hadi yawe ya uvuguvugu, kisha mtoto azamishe kitambaa kilicholowa maji safi, akigeuze kwa kijiko cha mti, mkiache usiku kucha. Kitatoka na rangi ya waridi iliyopauka, kama udongo uliokauka. Tumia sufuria ya kawaida ya alumini. Chungu cha chuma hubadilisha rangi hiyo ikawa kijivu. Maganda ya vitunguu vyekundu hufanya kazi hiyo hiyo kwa kutoa rangi nyingine, na anayepita Ruaha Mbuyuni, vitunguu vinapouzwa barabarani kwa magunia, anaweza kuokota maganda ya kutosha bila kulipa.

Mwanasesere wa maganda ya mahindi anahitaji mtoto mkubwa kidogo, miaka mitano kwenda juu, na anahitaji watu wawili muda wote. Hilo tunalipenda, kwa sababu mtu mzima hapati nafasi ya kuchukua kazi yote: mikono yake imeshika, na kufunga ni kwa mtoto.

Maganda yanayofaa ni ya ndani, yale membamba yenye rangi ya maziwa, ya mahindi yaliyokaukia shambani. Ya nje ni magumu, yana madoa, na hupasuka. Mpe mtoto lundo la maganda na kazi ya kuchagua. Aweke yanayolainika mkononi upande mmoja, yanayokwaruza upande mwingine. Kwa mwanasesere mmoja wa kimo cha shubiri moja utahitaji nane ya mwili, moja ya mikono, na mawili ya akiba. Kata kitako kigumu cha kila ganda, kisha yaloweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi. Ganda kavu halikunjiki. Ganda lililokaa saa nzima kwenye maji linachanika kama karatasi. Toa, futa, yafunike kwa taulo yasikauke mkiwa kazini.

Sasa tazama mpangilio. Weka maganda nane yakizunguka fungu la ndevu za mahindi, ndevu na maganda vikielekea upande mmoja. Shika upande mwembamba kwa nguvu. Mtoto azungushe uzi wa pamba mara nne, sentimita mbili kutoka mwisho, na avute ncha zote mbili kadiri awezavyo huku wewe ukiweka kidole kwenye fundo. Kisha menya: kila ganda ligeuzwe lishuke chini kupita juu ya fundo, moja baada ya jingine, kama unavyomenya ndizi mbivu. Ndevu za katikati zitabaki zimesimama juu. Ndizo nywele. Watoto wengi hupiga kelele hapa, kwa kuwa kitu kilichokuwa fungu la takataka kimepata kichwa mbele ya macho yao. Usiharakishe kwenda hatua inayofuata.

Chini ya fundo zungusha uzi tena upate shingo. Ganda la mikono likunjwe kwa urefu kama sigara, lifungwe ncha zote mbili, lipitishwe katikati ya maganda ya mbele na ya nyuma hadi liguse shingo. Funga kiuno chini yake. Uzi ukipitishwa mabegani kwa kukatiza kifuani, mikono haitachomoka. Sawazisha pindo la gauni kwa mkasi. Mtoto wa miaka mitano anaweza kukata mwenyewe, na pindo likienda mshazari, liende.

Makosa mawili hutokea kila mara. La kwanza ni kichwa kuanguka kesho yake. Maganda yakikauka hunywea, na fundo lililokuwa limebana jana linakuwa pete kubwa. Ndiyo maana tunafunga kwa nguvu yakiwa mabichi, na tunaacha mikia mirefu ya uzi ili kesho tukaze tena kabla ya kuikata. La pili ni kuchora uso haraka. Wino kwenye ganda lenye unyevu hutambaa, na macho yanakuwa kama ya mtu aliyelia. Subirini siku mbili. Siku hizo mbili mwanasesere akauke kivulini penye upepo, mikono yake ikiwa imezungushiwa uzi isipinde. Akishakauka avalishwe kipande cha kitenge cha sentimita 10 kwa 20, kilichofungwa kiunoni.

Kuhusu kukausha inabidi tuongee kwa urefu, kwa sababu huku kwetu ndiko kazi nyingi zinakofia. Kiswahili kimeyapa jina moja mambo mawili, ukungu unaoshuka mlimani na ukungu unaoota kwenye mkate, na anayekaa Tukuyu, kule Rungwe, anajua wa kwanza humleta wa pili. Ganda la mahindi lililowekwa kwenye mfuko wa nailoni likiwa na unyevu kidogo huota madoa meusi ndani ya siku chache. Kwa hiyo panga kazi kufuata majira. Iringa mjini na Mbeya mjini, mwezi wa sita hadi wa tisa hewa ni kavu, na vitu vinakauka vyenyewe. Upande wa Rungwe mvua na umande havina likizo ndefu, kwa hiyo tegemea mhuri wa kiazi na nyuzi kuliko unga na udongo.

Na usikaushe zawadi kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ambamo mtoto amekaa. Baridi ya mwezi wa saba inashawishi mno, lakini mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na gesi hiyo huua. Jiko liwe nje.

Udongo wa chumvi ndio unaoonja hali ya hewa kuliko vyote. Ni vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji ya uvuguvugu kikombe kisichojaa, yakiongezwa kidogo kidogo. Kanda dakika nane hadi udongo uache kung'ang'ania vidole. Unga uliochanganywa na hamira haufai, huvimba. Chumvi ya mawe isagwe kwanza, la sivyo utapata vishimo. Sukuma uwe na unene wa nusu sentimita, mtoto akate maumbo kwa mdomo wa kikombe au kifuniko cha chupa, na atoboe tundu la uzi kwa mrija, sentimita moja kutoka ukingoni. Tundu likikaa karibu zaidi, ukingo hukatika. Alama ya kiganja cha mtoto kwa ajili ya babu na bibi inataka unene wa sentimita moja, nawe umsaidie kukandamiza kidole kimoja kimoja, maana mtoto hubonyeza kiganja na kusahau vidole.

Kwenye jua la kiangazi vipande vya nusu sentimita huchukua siku tatu hadi tano, vikigeuzwa asubuhi na jioni. Visipogeuzwa, upande mmoja hukauka na kujivuta, na kipande kinakunjika kama kigae. Kwenye oveni, nyuzi joto 100 kwa saa mbili au tatu. Kwa sufuria yenye mchanga juu ya jiko la mkaa, kama tunavyooka keki, weka makaa machache tu na uache kifuniko wazi kidogo mvuke utoke. Moto ukizidi vinaota malengelenge. Kisha vanishi, mara mbili, pande zote pamoja na ndani ya tundu, uipake wewe nje ya nyumba. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, na sehemu iliyosahaulika bila vanishi italainika tena msimu wa mvua. Panya nao hupenda udongo huu, kwa hiyo usiuhifadhi stoo. Na mtoto anayeonja kila kitu asipewe, kwa kuwa chumvi nyingi hivyo ni hatari kwa mwili mdogo.

Kuna nyumba ambazo wazee hawataki unga uchezewe, na tunaona wana haki. Hapo tumieni udongo wa mfinyanzi. Akina mama Wakisi wa Ikombe, pembezoni mwa Ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu vinavyouzwa mbali na kwao, na kumpeleka mtoto aone kazi kama ile ni zawadi tosha kwake. Kibakuli cha mtoto kilichominywa kwa vidole kikikauka bila kuchomwa ni pambo tu. Kikitiwa maji kinarudi kuwa tope. Kuchoma ni kazi ya anayeijua, maana udongo wenye unyevu ndani hupasuka motoni.

Kwa mtoto asiyeweza kutulia, mpe uzi wa sweta. Kata kadi ngumu ya upana wa sentimita 7, azungushe uzi mara 100 akitembea, akiimba, vyovyote. Vua fungu, lifunge katikati kwa uzi imara, mkate vitanzi vyote, mtikise. Kimepatikana kishungi cha kushonea juu ya kofia ya baridi. Kikinyofoka nyuzi, fundo la katikati lilikuwa legevu.

Zawadi ikienda kwa mtoto chini ya miaka mitatu, kila kipande kijaribiwe: kikipita ndani ya kile kiboksi cha mviringo kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha, kinaweza kumkaba. Vifungo na shanga visiwepo. Na mtoto akiokota mbegu za kutunga mkufu, mkatalie mbili: zile nyekundu zinazong'aa zenye jicho jeusi, na za mnyonyo zenye madoa kama kupe. Zote zina sumu kali ndani, na kuzitoboa kunafungua ganda linaloizuia.

Ukishamaliza, tafuta cha kubebea. Kikapu kidogo cha milulu kutoka Iringa kinaifanya zawadi ndogo ionekane ya heshima, na kwa basi la kwenda mbali hakipondeki kama boksi. Udongo wa chumvi uzungushie vipande vya kitenge, usiuweke chini ya mfuko wa viazi. Mfundishe mtoto kabla ya safari: shikamoo kwanza, kisha mikono miwili, kisha maneno yake mwenyewe. Usimtungie.

Lipo jambo moja linalowashangaza wazazi. Mtoto aliyefanya kazi kweli mara nyingi hukataa kuitoa. Anamkumbatia mwanasesere, anajificha nyuma ya mlango, na bibi amesimama mikono wazi. Huo si uchoyo wala utovu wa adabu. Amekitengeneza, ni chake. Kwa hiyo tangu siku ya kuchagua maganda, loweka ya wanasesere wawili. Mwulize mtoto yupi anabaki na yupi anasafiri, na umwache abadilishe mawazo hadi asubuhi ya safari.